Sura ya Saba: Kibao Kisicho na Alama ya Kidole

Kikombe cha pili cha chai kilikuwa kimeshapoa, na Profesa Tokunari bado alikuwa anahubiri habari za mawingu.

"Si mawingu ya mvua, Inspekta. Ni gesi. Gesi baridi, nyeusi, iliyotanda huko mahali nyota zinapotungwa mimba. Sisi tunaisikiliza kwa darubini ya redio. Kila gesi ina mlio wake, na ukiujua mlio, unajua mle ndani kuna nini."

"Nimekuelewa," alisema Inspekta Kuroiwa Sadae. "Mimi nimekuja kwa ajili ya mtu aliyekufa."

"Bila shaka. Masikini Momose."

Masikini Momose! Kuroiwa aliuma meno. Wiki mbili zilizopita, asubuhi ya tarehe kumi na nne Januari, Momose Kenkichi, fundi wa miaka sitini na moja, alipanda juu ya antena ya darubini hiyo ya Kituo cha Kiyosawa kubomoa barafu iliyoganda kwenye ukingo wa sahani yake kubwa. Sahani ikageuka yeye akiwa juu. Akaanguka mita ishirini, kwenye zege. Sahani ile hugeuzwa na mtu aliyekaa kwenye meza ya mitambo, na aliyepangiwa meza siku hiyo alikuwa Nagumo Chinatsu, msaidizi wa Profesa, msichana wa miaka ishirini na saba, ambaye sasa alikuwa anatimiza siku ya kumi na mbili mahabusu. Saa kumi na moja jioni ya leo mwendesha mashtaka angetia saini hati ya kumshitaki kwa uzembe uliosababisha kifo.

Na ripoti ya kwanza, ile iliyosema kwamba marehemu alisahau kugeuza kibao chake chenye jina kabla ya kupanda na msichana hakuhakikisha, aliiandika nani? Kuroiwa mwenyewe. Aliiandika kwa saa moja na nusu, akaenda zake kula tambi. Kila kitu kilionekana wazi mno. Tangu juzi uwazi huo ulikuwa unamkera.

"Asubuhi ile wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa ofisini. Nasoma."

"Hukuigusa darubini?"

"Zamu yangu ilikuwa tarehe saba. Ratiba imebandikwa kila ukuta." Profesa akasukuma bahasha nene juu ya meza. "Uliomba kumbukumbu zangu za Januari. Hizo zote. Mbichi kabisa, kama mashine ilivyozitoa. Tarehe na saa ziko pembeni. Na nikuambie jambo la furaha katika huzuni hii: mle ndani tumepata molekuli ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipata kwenye wingu baridi kama lile. Watu wa ng'ambo wameitafuta miaka minne."

"Na kumbukumbu za mota? Zinazoonyesha antena iligeuzwa saa ngapi?"

"Mashine ilizimika ghafla wakati wa ajali, zikafutika. Nimeomba radhi mara tatu kwa hilo. Naomba radhi mara ya nne." Akainama, mgongo umenyooka, kwa kipimo kile kile kinachotakiwa, wala si zaidi. "Kwa bahati mbaya jina la Chinatsu itabidi tuliondoe kwenye makala ya ugunduzi huo. Unaelewa, Inspekta. Heshima ya kituo."

Kuroiwa alitamani kumchapa nayo hiyo bahasha. Aliibana kwapani, akatoka bila kuaga.

Sajini Hirabayashi alikuwa anamngoja chini, penye mlango wa kupandia antena, anapulizia viganja vyake. Alibakiza miezi mitano astaafu na baridi ya huku juu ilikuwa inamtoa machozi. Mbele yake ukutani kulikuwa na ubao wenye vibao kumi na moja vya mti, kila kimoja na jina la mtu, upande mmoja kwa wino mweusi, wa pili kwa wino mwekundu. Anayepanda anakigeuza chake kiwe chekundu, anakinyooshea kidole, anapiga kelele: "Momose, juu, sawa!" Aliyeko mezani, nyuma ya dirisha linalotazama ubao, anajibu kwa kelele vilevile. Akishuka, anakirudisha. Jina moja tu likiwa jekundu, meza ya mitambo haiguswi, hata na mkurugenzi.

"Nisomee tena ripoti ya alama za vidole," alisema Kuroiwa.

"Afande, tumeisoma mpaka nimeikariri. Kibao cha Momose kilikutwa upande mweusi. Alama za vidole, hakuna."

"Cha jirani yake?"

"Kina alama za mwenyewe, tele."

"Na hiki cha tatu?"

"Vilevile, tele."

"Momose amefanya kazi hapa miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Majira ya barafu anapanda mara ngapi?"

"Kila siku. Siku nyingine hata mara mbili..." Mdomo wa sajini ulibaki wazi, mvuke unatoka. "Lo! Mama yangu!"

"Enhe."

"Lakini Afande, siku ile alivaa glavu."

"Siku ile, sawa. Na za jana yake? Na za mwezi uliopita? Na za mwaka mzima? Mtu anakishika kibao kwa miaka kumi na tisa halafu hakina hata alama moja, na sisi watu wazima na akili zetu tunaandika 'hakuna'!" Aliupiga teke mlango wa chuma, ukalia jengo zima. "Mimi niliandika. Kwa mkono wangu huu! Kibao kilikuwa chekundu, Hirabayashi. Momose hakusahau kitu. Kuna mtu alikigeuza baadaye, kisha akakipangusa."

"Huenda ni msichana mwenyewe. Kaona balaa, akataka kujiokoa."

"Anayetaka kujiokoa hupiga magoti mbele ya mjane, mbele ya watu wote, akasema kosa ni langu?"

Hirabayashi alikuna kidevu. Wakaingia garini.

Chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi kilikuwa na hita moja ya mafuta ya taa iliyotoa harufu zaidi kuliko joto. Nagumo Chinatsu alikaa ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Tangu akamatwe alikuwa na sentensi moja tu, ile ile aliyomwambia mjane wa Momose kwenye korido ya hospitali, na ambayo watu wote, magazeti, mwendesha mashtaka na Kuroiwa akiwemo, waliipokea kama kukiri kosa.

"Nisameheni. Kosa ni langu."

"Nimechoka na nisameheni yako!" Kuroiwa alivuta kiti. "Hapa si hekaluni. Uliondoka mezani, ndiyo au siyo?"

"Nisameheni."

"Nani alikaa badala yako?"

"Kosa ni langu."

"Profesa Tokunari amekufundisha miaka mingapi?"

"Sita."

"Kazi hii alikutafutia yeye?"

"Ndiyo."

"Na tangu uletwe hapa amekuja kukuona mara ngapi?"

Msichana alivuta mikono ya sweta yake mpaka vidoleni.

"Nakujibia mimi. Hajaja. Hata soksi hajakuletea, na baridi yote hii. Leo ananiambia kwa uso mkavu kwamba jina lako linaondolewa kwenye makala. Heshima ya kituo! Wewe uko hapa umemfungia mdomo kama mlinzi wake, yeye anakufuta kama uchafu. Mzee wa watu amekufa, wewe mchana wote unanitazamisha utosi wako! Haya, shika, hii ndiyo kazi ya bwana wako!"

Akaimwaga bahasha mezani. Karatasi zikateleza, nyingine zikaanguka sakafuni. Chinatsu aliinama akaanza kuziokota, kwa mazoea tu, akizipanga kufuata mfuatano wa saa. Aliweka ya kwanza. Ya pili. Mkono ukasita.

"Hizi ni za lini?"

"Si imeandikwa? Tarehe saba."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hizi si za tarehe saba."

Hirabayashi, aliyekuwa mlangoni, aliacha kupuliza viganja. Siku kumi na mbili, na hii ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza mpya.

"Hizi nilizichukua mimi," alisema Chinatsu, macho kwenye karatasi. "Asubuhi ile ile, tarehe kumi na nne. Mwalimu alikuja mezani akasema mbingu leo ni safi, tuibe dakika ishirini, tusiandike kwenye ratiba. Naomba kalamu."

"Maneno yako peke yako hayatoshi. Yeye ana karatasi iliyochapwa."

"Ndiyo maana naomba kalamu!"

Lo, kumbe ana sauti! Kuroiwa akampa kalamu, tena na daftari lake mwenyewe.

"Dunia inalizunguka jua," alisema msichana, huku anaandika. "Mwezi huu wa Januari inalikimbilia lile wingu, na kila siku inaongeza mwendo kidogo. Gari la wagonjwa likikujia, king'ora kinasikika chembamba, juu zaidi, si ndiyo? Basi na mlio wa gesi nao, kila siku unapanda kidogo. Sasa tazama kilele hiki kirefu cha mchoro. Si ile molekuli yake mpya. Hii ni gesi ya kawaida, watu wameipima kabla sijazaliwa, mwendo wa wingu lenyewe unajulikana. Kwa hiyo kilele kikikaa hapa, dunia ilikuwa inakwenda kasi kadhaa. Kikikaa pale, kasi nyingine. Tarehe ya pembeni mtu yeyote anaweza kuiandika upya. Mwendo wa dunia hawezi kuugusa."

"Na kati ya tarehe saba na kumi na nne tofauti inaonekana?"

"Zaidi ya kilomita mbili kwa sekunde. Kilele chenyewe unene wake haufiki hata nusu kilomita kwa sekunde. Inspekta, hii hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona. Alikupa karatasi mbichi kwa sababu alijua polisi mtasoma tarehe tu."

Kuroiwa alihisi masikio yanamwaka moto. Kwa hiyo bahasha ile ilikuwa dharau. Alikunywa chai ya mtu yule huku anafanywa mjinga.

Chinatsu alipiga hesabu ya karatasi moja moja. Kalamu haikusimama. Kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne. Alipofika karatasi ya mwisho, akaigeuza, akaitazama tena mbele. Akaiweka peke yake pembeni.

"Vipi?" aliuliza Kuroiwa.

"Saa tatu kamili nilisimamisha antena. Bwana Momose aligeuza kibao chake, akanyoosha kidole, akapiga kelele, nami nikamjibu. Akapanda. Mwalimu akaniambia, nenda kale, mimi nitakaa hapa mpaka ashuke. Nikaenda. Sikutakiwa kwenda, meza ni yangu, hilo ndilo kosa langu. Niliporudi watu walikuwa wanapiga mayowe. Kibao kilikuwa cheusi. Mwalimu akaniambia mota ilijiwasha yenyewe, hitilafu, ila kwa kuwa uliondoka mezani watakuangushia wewe, basi usiseme lolote, omba radhi tu, mimi nitakutetea."

"Ukamwamini."

"Ni mwalimu wangu." Alisukuma ile karatasi mbele. "Karatasi zangu zinaishia saa tatu kamili. Hii ni ya saa tatu na dakika sita. Imekatika dakika ya nane. Na hesabu yake ni tarehe kumi na nne. Mota haikujiwasha. Hitilafu haichukui data! Aliiwasha yeye. Alikaa kwenye kiti changu, akaliona jina jekundu pale ukutani, akaiwasha!"

Akasimama kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma. Hirabayashi alisogea, Kuroiwa akamzuia kwa mkono.

"Sielewi kitu kimoja," alisema sajini. "Tarehe kabadilisha, kibao kapangusa. Kwa nini asiichome hii karatasi ya mwisho? Mwizi yeyote angeichoma."

"Sisi hatutupi data," alisema Chinatsu. Sasa alikuwa analia, lakini kwa hasira, anajifuta kwa mkono wa sweta kama anayejichuna ngozi. "Molekuli yake ni dhaifu sana, kila dakika ya mbingu safi inaongeza. Dakika mbili hizi alizijumlisha na zingine. Bwana Momose alikuwa anakufa ndani yake, na yeye akazijumlisha! Alinipigia kelele mwaka wa kwanza kwa kufuta dakika moja. Hakuweza kuzitupa. Hakuweza kabisa!"

"Andika yote hayo," alisema Kuroiwa. "Kila tarakimu. Na utie saini."

Saa nane na robo walikuwa tena ofisini kwa Profesa. Hapakuwa na chai safari hii. Kuroiwa aliliweka daftari mbele yake, likiwa wazi.

"Msichana ana mfadhaiko, Inspekta," alianza Tokunari. "Mahabusu humfanya mtu..."

"Soma."

Alisoma. Na ajabu ni kwamba alisoma kweli, kidole kinafuata mistari, midomo inacheza, akarudi ukurasa wa kwanza kuhakiki namba moja. Hirabayashi alimtazama akatikisa kichwa. Profesa akavua miwani.

"Hesabu ni sahihi," alisema. "Nilimfundisha vizuri."

"Ulimwona Momose anapanda?"

"Theluji ilikuwa inakuja kutoka magharibi, Inspekta. Nilikuwa na dakika kumi, pengine pungufu. Sahani inageuka polepole. Yule ni mzoefu, miaka kumi na tisa. Nilidhani atajishikilia."

"Jina jekundu uliliona?"

"Nililiona."

"Ulidhani atajishikilia!" Sauti ya Kuroiwa ilipasuka, mtu wa ofisi ya jirani akafungua mlango na kuufunga haraka. "Mtu yuko juu ya barafu, amekuachia roho yake kwa neno moja tu, wewe unamgeuzia chuma miguuni kwa ajili ya dakika kumi! Halafu akiwa chini pale, hajapoa, unatembea kwenda kugeuza jina lake ili aonekane mzembe! Unachukua msichana wa watu unamwangushia jumba bovu! Shetani we!"

Tokunari hakupandisha sauti. Alikunja miwani yake, akaiweka juu ya daftari.

"Zile kumbukumbu," alisema. "Mtazihifadhi mahali salama? Molekuli ni ya kweli. Iko pale. Chochote kitakachonipata mimi, ile ni ya kweli."

"Hirabayashi," alisema Kuroiwa taratibu, "mfunge pingu wewe, kabla sijafanya kitu cha kunifukuzisha kazi."

Nagumo Chinatsu aliachiwa saa tisa na nusu. Alipopewa viatu vyake alisema anataka kwenda moja kwa moja kwa mjane wa Momose. Kuroiwa akamwambia aende nyumbani akaoge, ale, alale. Kwa mjane leo haendi mtu mwingine ila Kuroiwa.

Nyumba ya Momose ilikuwa mwisho wa barabara ya mashamba ya kabichi, yote meupe kwa theluji. Njia ya kuingilia ilikuwa imefagiwa vizuri. Momose Tomi alifungua mlango, mwanamke mfupi mwenye aproni, mikono imelowa maji. Nyuma yake, chumba cha pili, Kuroiwa aliona kitambaa cheupe, chungu cha majivu ya marehemu, picha yake na ubani unaofuka. Siku arobaini na tisa za matanga, kabla ya majivu kuzikwa, zilikuwa hazijatimia. Mzee alikuwa bado yumo nyumbani kwake.

Kuroiwa aliinama mpaka kiuno kikamuuma.

"Mama Momose, nimekuja kukwambia. Mume wako hakusahau kugeuza kibao chake. Aligeuza, alinyoosha kidole, alipiga kelele kama inavyotakiwa. Mtu mwingine aliwasha mitambo makusudi, akakigeuza kibao baadaye. Tumemkamata. Yule msichana hakuigeuza antena. Mume wako hakukosea kitu chochote."

"Najua," alisema Tomi.

Kuroiwa aliinua kichwa.

"Najua! Kenkichi alikuwa anarudi kutoka kituo cha basi kuangalia kama amefunga gesi. Tumekosa mabasi mangapi kwa tabia hiyo, nikimtukana njia nzima! Huyo ndiye asahau? Nilimwambia polisi wa kwanza, nikamwambia wa pili. Wananiitikia, ndiyo mama, pole mama, wanaandika vyao. Wiki mbili nikienda dukani watu wananishika mkono, pole, uzee huo, kichwa huchoka. Uzee! Mwanangu wa kiume ameniuliza, baba alikuwa ameanza kusahausahau? Mtoto wake mwenyewe ananiuliza hivyo!" Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye vidole na hakuyafuta. "Nani aliandika kwamba alisahau?"

"Mimi."

"Wewe."

"Niliandika mimi, siku ile ile. Naomba..."

"Usiniombe mimi!" Tomi alisogea pembeni ya mlango, akanyoosha mkono wake uliolowa kuelekea kwenye chumba cha pili. "Mimi sikuhitaji kuambiwa. Aliyeitwa mzembe ni yeye, yuko pale. Nenda ukamwambie yeye. Kwa sauti, mimi nisikie, na majirani wasikie."

Kuroiwa alivua viatu, akaingia.